Maskati kwa miguu: maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niligusia tu kwamba Maskati, mji mkuu wa Oman, ni mji wa kutembelewa kwa miguu pamoja na mtu anayeujua, mistari miwili mitatu tu, na sikutegemea kama ingeleta meseji nyingi hivi. Nimechagua nane nizijibu, zingine zinafanana kwa hiyo nimezichanganya. Mtanivumilia pale ntakapokuwa mrefu manake mji huu naupenda na kuna mambo ndani yake yananigusa sana.

Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 68, miguu yake mizima ila ngazi nyingi hawezi. Likizo napata mwezi wa saba tu. Tutayaweza hayo matembezi? (Msomaji, Tanga)

Mwezi wa saba usimtembeze mama mchana, nakwambia moja kwa moja. Kipindi hicho joto linapita digrii 40 na unyevu wa bahari juu yake, usiku wenyewe unakuta bado digrii 30 na kitu, kwa sababu Matrah, mtaa wa bandari wa zamani tutakaotembea, imezungukwa na milima mitupu ya mawe, haina hata kichaka, mawe yanakunywa jua mchana kutwa halafu usiku yanalitema. Mimi mwenyewe nimewahi kuweka mkono kwenye ukuta pale ufukweni saa mbili usiku ukawa bado una moto kama bakuli la uji. Wakati wa kwenda ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, Januari mchana unapata kama digrii 25 na kaupepo, hapo hata mzee wa miaka 80 anatembea.

Kama hakuna namna ni Julai tu basi fanyeni hivi. Mwambieni mtembezaji mnaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, si saa tatu kama wengi wao wanavyopanga, na saa mbili asubuhi mmeshamaliza. Anzieni soko la samaki, lile jipya lililofunguliwa 2017 karibu na bandari, lina paa la mbavu nyeupe zilizopindapinda kama mwandiko wa Kiarabu, mama atapata kivuli na atapata cha kuangalia. Jodari wamelazwa kwenye vigae wanang'aa utadhani wamepakwa mafuta, kuna nguru, kuna papa wadogo, na ukimsimamia yule mkata samaki utaona anavyomfungua jodari mzima kwa visu viwili tu, kimoja kirefu kimoja kifupi, halafu anamwaga maji anaita anayefuata. Mama wa Tanga pale hahitaji mkalimani, samaki ni wale wale.

Kutoka hapo ni barabara ya ufukweni, tambarare kabisa, kama kilomita 3 hivi mpaka kwenye bustani ya Riyam yenye kile chetezo kikubwa cheupe juu ya kilima. Msipande huko juu, na ngome ya Matrah pia mpite chini muitazame tu, ngazi zake ni kali. Jua likishapanda ingieni teksi mwende Makumbusho ya Taifa, ile iliyofunguliwa 2016 ikitazamana na Al Alam, kasri la Sultani, kuna kiyoyozi na sehemu za kukaa, mama apumzike huko mpaka adhuhuri. Jioni tena baada ya magharibi ndo souk, yaani soko la zamani la Matrah. Na maji, kila mtu abebe yake, msisubiri kiu.

Mimi nimekulia Mji wa Kale Mombasa, Fort Jesus naiona tangu nazaliwa. Nasikia huko mtembezaji anakuonyesha ngome mbili za Mreno na hata ndani huingii. Kuna haja gani? (Msomaji, Mombasa)

Kaka, haja ipo, tena kwako wewe kuliko kwa Mzungu aliyeshuka kwenye meli ya watalii asubuhi na saa kumi anarudi. Yeye anaona ngome mbili nzuri za kupiga picha. Wewe unaona chanzo cha nyumbani kwenu.

Mreno aliingia Maskati 1507 chini ya kamanda wao Albuquerque, akauchoma mji. Akakaa. Karne ile ile Waturuki wakawa wanamsumbua, na 1581 akaja nahodha wao Mir Ali Bey na merikebu zake akauvamia mji wa Maskati akapora akaondoka. Mreno akashtuka, ndo akajenga sawasawa hizi ngome mbili zinazobana mdomo wa bandari, Mirani ikaisha 1587 na Jalali 1588. Sasa huyo huyo Mir Ali Bey si ndiye aliyekuja kwetu Uswahilini, akafika Mombasa, na akakamatiwa hapo hapo Mombasa 1589? Na baada ya hapo, 1593, Mreno ndo akaanza kuchonga jiwe la matumbawe kujenga Fort Jesus. Yaani hofu ni moja na adui ni mmoja, zimetoka ngome kule na ngome huku. Ukisimama mbele ya kasri la Al Alam, Jalali kulia kwako na Mirani kushoto ukitazama bahari, unasimama kwenye kichwa cha habari ambayo mkia wake uko Mombasa.

Na haiishii hapo. 1650 Sultan bin Saif, mtawala wa Oman wa ukoo wa Ya'rubi, akamtoa Mreno Maskati. Habari zikafika pwani yetu, wazee wa Mombasa wakatuma ujumbe Oman kuomba wasaidiwe na wao. Ilichukua muda, lakini 1696 merikebu za Oman zikaja zikaizingira Fort Jesus, mzingiro wa karibu miaka mitatu, watu wakafa kwa njaa na tauni humo ndani, mpaka Desemba 1698 ikaanguka. Aliyeomba msaada akapata na bwana mpya, hilo nalo mtu wa Mombasa analijua, ukoo wa Mazrui walivyojitawala na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alivyohangaika nao mpaka akaupata mji 1837. Mtembezaji mzuri anakupa pande zote mbili. Asipokupa muulize, usione haya, ni historia yako pia.

Ni kweli kasri huingii, linatumika kwa shughuli za serikali, unaishia getini. Lakini angalia kitu kimoja ambacho wengi wanakipita: ukienda upande wa maji, kwenye majabali ya ng'ambo ya bandari kuna maandishi meupe, ni majina ya meli. Mabaharia waliokuwa wanatia nanga hapo walikuwa wanapanda wanayaandika, mwingine juu ya mwingine, miaka na miaka. Mimi nilikaa hapo nusu saa nzima nayasoma.

Nyongeza moja kabla sijaenda kwa mwingine. Maskati ya zamani ilikuwa na ukuta na milango, na kabla ya 1970 milango hiyo ilikuwa inafungwa masaa matatu baada ya jua kuzama, ukichelewa umelala nje, na walio ndani mtu haruhusiwi kutembea bila kubeba fanusi. Masaa matatu baada ya jua kuzama, ihesabu kwa saa yetu: saa tatu ya usiku. Waarabu wa zamani walihesabu saa hivyo hivyo, jua likizama wanaanza moja. Mgeni wa Ulaya anaelezewa hilo mpaka anachoka, wewe unalielewa palepale.

Tulilipia matembezi ya masaa matatu ya Matrah, masaa mawili yakaishia kwenye maduka matatu ya manukato na mazulia, mtembezaji anakaa anakunywa chai na wenye duka. Tumedhulumiwa? (Wasomaji wawili, Dar)

Mmedhulumiwa, ndio, na poleni. Huyo alikuwa analipwa na duka, nyie mlikuwa bidhaa. Inatokea miji mingi, na Matrah ambako meli za watalii zinashusha watu elfu mbili kwa mpigo inatokea pia.

Kinga yake ni kabla hujalipa. Oman mwongoza watalii lazima awe na leseni ya wizara ya urithi na utalii, omba uione, mwenye nayo hakasiriki. Muulize njia: tunaanzia wapi, tunapita wapi, tunaishia wapi. Akikujibu kwa majina ya mahali, soko la samaki, Sur al Lawatia, mlango wa souk, ngome, huyo anatembea. Akikujibu "ntakupeleka sehemu nzuri nzuri" mkimbie. Na umwambie mapema, kwa heshima, kwamba duka moja tu na ulilichague wewe.

Sur al Lawatia nimeitaja kwa hiyo niseme neno. Ni ile safu ya nyumba nyeupe zenye roshani za mbao zinazotazama bahari, na msikiti wenye kuba la buluu. Nyuma yake ndo mtaa wa Walawatia, watu wa asili ya Bara Hindi, Mashia, wafanyabiashara wa siku nyingi, na mtaa una ukuta na mlango wake. Mgeni haingii, ni makazi ya watu. Mtembezaji anayekuambia tusimame hapa nje nikuhadithie, huyo mshike. Anayekuambia njoo nikupenyeze hana adabu na mji wake.

Ubani wa Oman nimeusikia sana. Ntaujuaje mzuri, na pesa zao zikoje? (Msomaji, Bagamoyo)

Pesa kwanza ni rahisi. Riyali moja ni baisa 1,000, na riyali ni pesa nzito, imefungwa kwenye dola, moja ni kama dola 2.6. Mwenye duka akikwambia mia tano anamaanisha baisa 500, nusu riyali. Wageni kutoka kwetu tumezoea noti zenye masifuri mengi, mtu anasikia "tano" anaona ndogo anatoa, kumbe katoa dola 13.

Ubani sasa. Unatoka Dhofar, kusini kabisa mpakani na Yemen, mbali na Maskati kama kilomita 1,000. Mti wenyewe mfupi, umekunjamana, wanaukwangua gome kwa kisu maalum, utomvu unatoka kama machozi, wanauacha ukauke siku kadhaa ndo wanarudi kubandua. Wa kwanza kukwanguliwa hautumiki, wanausubiri wa baadaye. Aina wanayoisifu ni hojari. Usinunue uliokwishafungwa kwenye kiboksi chenye picha ya ngamia, nenda kwa muuzaji mwenye magunia wazi. Chukua punje moja uiweke juu ya kiganja uiangalie dhidi ya mwanga: hojari nzuri inapitisha mwanga, nyeupe yenye kijani kwa mbali kama barafu iliyolala kwenye majani, na ukiinusa bado mbichi ina harufu kama ya ndimu. Ya njano iliyokoza au ya kahawia yenye vumbi na maganda ni ya bei ya chini, si mbaya kwa kufukizia nyumba lakini usiilipie bei ya hojari. Halafu itafune. Mwanzo inavunjika vunjika mdomoni kama chumvi, ina uchungu kidogo, ukivumilia inakusanyika inakuwa laini inavutika. Si ndo maana kwetu pwani bigijii nayo tunaiita ubani? Wenzetu wa Oman zile punje safi wanazilowesha kwenye maji usiku na asubuhi wanakunywa.

Souk nenda asubuhi kabla ya saa saba au jioni kuanzia saa kumi na moja, adhuhuri wanafunga kupumzika na Ijumaa asubuhi ndo usiende kabisa. Njia kuu ya katikati ina vitu vya watalii, kata kona mbili tatu uingie ndani kwenye vichochoro ambako jua halifiki, sehemu hiyo ndo iliyoipa souk jina la zamani la soko la giza, na huko ndo wanawake wa mji wenyewe wananunua.

Ukifika kwenye kofia simama. Ile kofia ya Waoman wanayoiita kumma, yenye matundu yaliyodariziwa, itazame kwa karibu, kila tundu limezungushiwa uzi kwa mkono. Ni kofia ya viua. Ukimwona mzee amekaa na kofia nusu gotini anadarizi, msalimie, mwulize ameipata wapi kazi hiyo, na usishangae akikujibu Unguja.

Swali fupi: mji uko jangwani, maji yanatoka wapi? Na mbona milima ni myeusi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Maji ya kunywa mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, walianza na mtambo wa Ghubrah miaka ya 1970. Mvua Maskati ni kama milimita 100 tu kwa mwaka, Unguja inapita 1,500, pima mwenyewe. Lakini ikinyesha inakuja yote siku moja na milima haina udongo wa kunywa, maji yanateremka kwenye mabonde makavu kwa kasi, na souk ya Matrah iko mdomoni mwa bonde moja kama hilo, kwa hiyo ukiona wingu zito toka humo. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 wenyeji bado wanakihadithia.

Milima ni sakafu ya bahari ya zamani sana. Mwamba uliokuwa chini kabisa ya bahari ulisukumwa ukapanda juu ya nchi kavu, wanajiolojia wa dunia nzima wanakuja Oman kwa sababu ni nadra kuuona wazi vile. Kuna njia ya miguu kutoka Riyam kupita juu ya mlima kutokea nyuma ya Matrah, inaitwa C38, kama kilomita 2 na nusu, imepakwa alama kwenye mawe. Kwa kijana kama wewe ifanye, asubuhi sana, viatu vyenye soli ya kushika, na usiende peke yako.

Nivae nini, na kupiga picha je? (Wengi)

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, kaptura iache hotelini. Dada mtandio mwepesi mkononi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uko mbali na Matrah, hauendeki kwa miguu, na asiye Mwislamu anaruhusiwa saa mbili mpaka saa tano asubuhi, Ijumaa hapana, na hapo mwanamke lazima afunike nywele. Picha za watu omba kwanza, wanawake hasa usiwapige, na wenye sare na ofisi za usalama usizielekezee simu. Ukiwa huko Ramadhani, mchana usile wala kunywa hadharani, ni sheria si adabu tu. Viza angalia kwenye tovuti ya polisi ya Oman wenyewe, si kwa mawakala wa mtandaoni.

Mimi ni mtu mweusi wa bara. Nikitembea huko najua habari ya watumwa iko chini ya kila jiwe. Mtembezaji ataisema? Au ntatembezwa kwenye marashi na halua tu? (Msomaji, Tabora)

Nakushukuru kwa kuuliza wazi. Wengi wao wasipoulizwa hawaisemi. Watakwambia biashara na Afrika ilikuwa ya pembe, karafuu na boriti, wanyamaze hapo. Mimi siwezi kukaa kimya hivyo kwenye safu hii, na wewe usikubali.

Watu walisafirishwa kutoka kwetu mpaka Maskati na kutoka Maskati mpaka Ghuba yote. Walipanda majahazi na upepo wa kusi, ule ule tunaousifu kwenye mashairi. Waingereza walimsainisha Seyyid Said mkataba 1822, mwingine 1845 uliokataza kupeleka watumwa nje ya Afrika Mashariki, na 1873 Zanzibar na Maskati zote mbili zikasaini kuizima biashara yenyewe. Lakini kusaini ni kitu kimoja. Utumwa wenyewe Oman ulipigwa marufuku rasmi 1970, mwaka ambao Sultan Qaboos alichukua nchi. 1970 si zamani, kuna watu wazima wanaishi leo waliozaliwa kabla yake.

Utakapotembea utawaona Waoman weusi kama wewe na mimi, wana kanzu, wana kilemba, wanaongea Kiarabu cha hapo, wengine ni uzao wa waliopelekwa na wengine ni familia zilizorudi kutoka Afrika baadaye, na huwezi kujua kwa kuangalia. Usimuulize mtu barabarani babu yako aliletwaje. Muulize mtembezaji, faraghani, kwa sauti ya kawaida: watumwa walishushwa wapi, waliuzwa wapi, waliobaki walikaa mitaa gani. Anayejibu atakujibu. Niliyetembea naye mara ya mwisho alinyamaza kidogo, akaangalia saa yake, halafu akatutoa nje ya souk tukakaa ukutani tukitazama bandari, akaongea robo saa bila kusimama. Hakuwa na hilo kwenye ratiba yake. Ilikuwa sehemu bora ya asubuhi ile.

Boriti pia usizidharau, ziulize. Oman haina misitu, mikoko ilikatwa Lamu na Rufiji ikapakiwa kwenye majahazi. Ukiingia nyumba ya zamani angalia dari, hesabu magogo, utaona chumba ni kirefu lakini chembamba, kama mita 3 hivi, kwa sababu gogo la mkoko ndo urefu wake. Mti wa kwetu ndo ulioamua upana wa vyumba vyao. Na waliozikata hizo boriti delta ya Rufiji, kwenye tope mpaka kiunoni, nao ni sehemu ya mji ule.

Bibi yangu alizaliwa Unguja, ndugu zake wawili walikwenda Maskati baada ya 1964 hatujawasikia tena. Nina picha moja na majina. Nikitembea Matrah nikiongea Kiswahili ntaeleweka? Kuna maana ya kujaribu? (Msomaji, Unguja)

Mwanangu, meseji yako niliisoma mara tatu.

Utaeleweka, ndio. Waliokimbia baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengine walizagaa kwanza, Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza, kwa sababu Oman ya wakati ule haikuwa imefunguka. Baada ya 1970 Sultan Qaboos akawaita Waoman walioko nje warudi wajenge nchi, wakaja maelfu, walimu, madaktari, makarani, wahandisi, manake kwetu walikuwa wamesoma na nchi ile ilikuwa na shule chache mno. Kiswahili wakaja nacho. Mpaka leo utakisikia maofisini, hospitali, harusini, na kwenye misiba ndo zaidi. Mishkaki inachomwa kandokando ya barabara na wenyewe wanaiita mishkaki. Watoto wao wengi wanaelewa ila wanajibu Kiarabu.

Lakini kumbuka pia kwamba kwa wengine 1964 ni kidonda. Usimkaribie mzee ukaanza na "nyie mliokimbia Zanzibar". Anza na shikamoo. Shikamoo tu, kwa sauti ya chini. Akiwa ni wa kwetu utaona uso unavyobadilika kabla hajasema marahaba. Mimi ilinitokea kwa muuza halua, mzee wa miaka sabini na kitu, nilikuwa nimesema shikamoo kwa mazoea tu bila kufikiri, akaweka mwiko chini akaniuliza "wa wapi mwanangu?" na tukasimama hapo mpaka wateja wakaondoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya safari ulizia kampuni za matembezi kama wana mtu anayeongea Kiswahili, waongozaji wenye asili ya Zanzibar wapo, na mlipe huyo hata kama ni ghali kidogo, mweleze nia yako mapema asikupangie watu kumi na tano nyuma yako. Majina ya hao ndugu mwombe bibi akutajie yote, la mtu, la baba, la babu, na kabila, manake Oman mtu anatambulikana kwa kabila lake, Harthi, Barwani, Riyami, Mazrui, na bila hilo hutafika popote. Yaandike kwa Kiarabu kwenye karatasi, mwalimu yeyote wa madrasa hapo mtaani kwenu atakusaidia. Picha itoe kopi, ya asili iache kwa bibi. Na wengi waliotoka Unguja wamejenga nje ya Matrah, mitaa mipya ya Seeb na kwingineko, kwa hiyo Matrah utapata uzi tu.

Nenda jioni, msimu wa baridi, baada ya swala ya magharibi, wazee wanapokaa kwenye mabenchi ya ufukweni kupunga upepo, jahazi za mapambo zimewashwa taa na moshi wa ubani unatoka mlangoni mwa souk. Mwongozaji wako akae pembeni kidogo. Wewe toa salamu, kaa, subiri uulizwe unatoka wapi. Bibi mrekodi kabla hujaondoka, sauti yake akitaja majina ya ndugu zake na mtaa walikozaliwa, dakika moja inatosha, ukimpata mtu wa rika lao mpe simu asikilize mwenyewe. Na ukirudi niandikie, hata kama hukupata kitu.